Dishi Safi ni Gani? Cheki Sahani ya Kigwena

Ukitaka kuona maodijo wote wa dayati wakikosana, wawekee mezani sahani moja tu ya Kigwena. Ugali wa muhogo, mweupe, unavutika. Maharage. Mboga ya lengalenga na vitunguu. Kando, ndagala, wale dagaa wa ziwani, wamepikwa na mawese hadi mchuzi umekuwa rangi ya chungwa. Msee wa keto, yule hataki wanga, ataruka huo ugali. Msee wa mimea pekee atasukuma ndagala pembeni. Yule anataka tumange ka mababu wa mapangoni hataki kusikia maharage. Na wa kuchunga moyo akiona hayo mafuta mekundu ataanza kukuombea. Sahani moja, kesi nne. Na bado kuna mabuda hapo Kigwena wamekula hiyo dishi tangu wapate meno, na wakibeba mikungu ya chikichi kupanda mlima, vijana wanabaki nyuma wakihema.

Kama hujui hizo pande: toka Bujumbura ushike barabara ya kusini, ziwa likiwa mkono wa kulia. Unapita tao ya Rumonge, unaendelea kuelekea Nyanza-Lac, na hapo katikati ndipo Kigwena. Kuna msitu mdogo wa asili uliohifadhiwa, kuna michikichi kila upande, afu kuna Tanganyika yenyewe. Kirundi ni cha kila mtu, lakini Kiswahili kimekaa ukanda huu wa Rumonge kitambo, ju ya soko, samaki na boti za Kongo na Kigoma. Ndio maana stori ya dayati ikivuma Nairobi ama Dar, inafika huku kwa simu kabla jua lizame. Wasee wa tizi, wale wa kunyanyua vyuma vya saruji, wanabishana hadi usiku. Huyu ameacha ugali. Huyu anasema mawese ni sumu. Mwingine amesikia nyama tupu ndio siri.

Mimi nazipenda hizo rieng, na sizichukulii ka upuzi, ju mtu anabishania mwili wake. Msimamo wangu ni huu: kila nadharia iko na kitu, lakini nyingi zinapima kirutubisho kimoja kimoja, na hakuna mtu amewahi kumanga kirutubisho. Tunamanga sahani. Na sahani iko na mwenyewe: ni mtoi wa miaka miwili, ama ni buda wa presha, ama ni mama mjamzito?

Tuanze na mawese, ju hapo ndio kuna ngori. Rumonge ndio nyumbani kwa michikichi ya Burundi; ukigusa mawese umegusa mfuko wa kila boma. Wanaoyaogopa wana sababu. Kuanzia 1958, Mmarekani Ancel Keys na wenzake walifuatilia wanaume wa nchi saba, wakaona mahali watu wanakula mafuta magumu mengi, ya siagi na nyama, magonjwa ya moyo nayo yako juu. Mawese karibu nusu yake ni mafuta ya aina hiyo. Shirika la Afya Duniani linasema yasizidi asilimia 10 ya nguvu yote unayokula kwa siku. Kwa hivyo huyo mjomba wa ofisini, anakaa siku nzima, tumbo limetangulia, presha iko juu, na bado mchuzi wake unaelea mafuta, anaambiwa ukweli na asikasirike.

Lakini cheki ile rangi. Wekundu wa mawese ni beta-karotini, na mwili unaigeuza kuwa vitamini A. Mtoto akikosa vitamini A, macho yanaanza kushindwa giza likiingia, na akikosa sana anaweza kupofuka. Hata surua inamkuta kinga imeshuka. Afu kuna kitu maodijo wa simu hawagusi: hiyo karotini haingii mwilini vizuri bila mafuta. Lengalenga iliyochemshwa kwa maji tupu inapita na sehemu ya mali yake. Lengalenga na kijiko cha mawese, hapo mtoi amepata. Mashosho walipika hivyo kabla mtu yeyote apime chochote. Cha kuchunga ni moto. Kuna watu wanachoma mawese kwa sufuria hadi wekundu uishe ndio wapike. Jo, hapo umechoma dawa ukabakisha mafuta. Na yale ya kiwandani yaliyosafishwa hadi yakawa meupe yamepoteza rangi hiyo pia. Kwa hivyo swali la mawese ni mabaya ama mazuri halina jibu hadi uniambie ni kiasi gani, yamepikwa vipi, na ni ya nani.

Nyama nayo. Wasee wa nyama tupu wanapenda kuwataja Wamaasai, na kweli kuna vitabu vya zamani. 1931, John Boyd Orr na John Gilks walitoa kazi yao ya Kenya: wanaume Wamaasai walikuwa wamewazidi Wakikuyu kwa wastani wa inchi 5 kwa urefu na kedo kilo 10 kwa uzito. Ukisoma hapo ukasimama, utauza shamba ununue ng'ombe. Lakini Wakikuyu wa miaka hiyo walikuwa wamebanwa kwa rizavu za mkoloni, na mtu aliyenyang'anywa ardhi hawezi kuwa kipimo cha ubaya wa nafaka. Miaka ya sitini akaja George Mann, Mmarekani, akakuta kolesteroli ya Wamaasai iko chini ingawa maziwa ndio chakula chao kikuu. 1972 timu yake ikaeleza mioyo 50 ya Wamaasai waliofariki: utando wa mafuta ulikuwa ndani ya mishipa, lakini mishipa yenyewe ilikuwa mipana. Sasa fikiria mtu anatembea na mifugo kutwa, anakunywa maziwa. Huyo na msee wa kuagiza mishikaki akiwa kwa kochi wanafanana wapi?

Upande wa maharage kuna stori ya Uganda, na mimi naipenda zaidi. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, alifanya kazi Mulago, Kampala. Yeye na Hugh Trowell waliona magonjwa yaliyojaa Uingereza, kama kidole tumbo na saratani ya utumbo mpana, ni nadra sana kwa Waganda wa vijijini. Wakasema ni ju ya nyuzinyuzi: huku watu wanakula vyakula vizima, kule wamekoboa kila kitu. 1975 wakatoa kitabu. Wakosoaji walisema hospitali za wakati huo hazikuona kila mgonjwa, na hiyo ni haki kuisema. Lakini wazo lenyewe limesimama. 2019 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi mkubwa ulioagizwa na Shirika la Afya Duniani, ukaonyesha walaji wa gramu 25 hadi 29 za nyuzinyuzi kwa siku wanafariki mapema kwa kiwango kidogo kuliko wanaokula chache. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kinakupa karibu nusu ya hiyo. Burundi ni nchi ya maharage. Kijana wa Kigwena anayeacha maharage ju ya video ya mtu wa California anatupa kitu ambacho huyo wa California ananunua kwa kopo.

Kuhusu mababu wa mapangoni nitapita haraka. Baadhi ya Wahadza wa Ziwa Eyasi, Tanzania, bado wanaishi kwa kuwinda, mizizi, ubuyu na asali, na asali ni sukari, maze. 2012 Herman Pontzer na wenzake walipima nguvu wanayotumia kwa siku, wakakuta, ukilinganisha kwa ukubwa wa mwili, haipiti ya watu wa Marekani wanaokaa ofisini. Wasee wa tizi waishike hiyo: tizi ni fiti kwa moyo na misuli, lakini haifuti kila soda.

Sasa kuna utafiti mmoja unatuhusu kabisa sisi wa ufukweni. Unaitwa wa Lugalawa, Tanzania, ulichapishwa kwa Lancet 1996. Watafiti walichukua watu wa asili moja, maisha yanayofanana, zaidi ya 1,200. Kundi moja liko kando ya Ziwa Nyasa na linamanga samaki wa maji baridi gramu 300 hadi 600 kwa siku. Lingine liko milimani na linakula mimea. Walaji samaki walikuwa na presha ya chini na kolesteroli ya chini. Wasee wa samaki mnaweza kupiga makofi, lakini pole pole. Utafiti wa kupima watu mara moja hauwezi kukuapia kwamba ni samaki pekee, na hao wa milimani hawakuwa wagonjwa wa kutupwa. Ninachotoa hapo ni kwamba mimea yenye kasamaki inashinda mimea peke yake, hasa ukikumbuka vitamini B12 haipatikani kwa mimea, na ukiikosa miaka mingi damu na neva zinaumia. Ndagala wachache wanaziba hilo pengo. Huhitaji kilo.

Na nusu kilo kwa siku nani anaipata Kigwena? Usiku usio na mwezi unaona taa zimejaa ziwani: boti zilizofungwa pamoja na wavu mkubwa, zile Burundi wanaita Apollo, zinavuta ndagala kwa mwanga. Asubuhi mamathe wanapokea, wanaanika, na mzigo mnono unapakiwa kwa gari la Bujumbura. Samaki mkubwa, mukeke, ndio kabisa. Huyo ni wa hoteli. Ziwa nalo linachoka. 2003, Catherine O'Reilly na wenzake walionyesha kwa jarida la Nature kwamba maji ya juu yamepata joto, hayachanganyiki vizuri na ya chini yenye rutuba, na chakula cha msingi cha ziwa kimepungua kedo asilimia 20. Walikadiria hiyo inaweza kushusha samaki kwa asilimia 30. Ongeza nyavu zinazozidi kila mwaka. 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaane. Mimi naunga mkono kufunga, hata kama inauma, bora watu wa ziwani wapewe njia ya kuishi hiyo miezi mitatu.

Hapa ndipo hasira yangu iko. Tunabishana keto na vigani kwa nchi ambayo utafiti wa kitaifa wa 2016 na 2017 ulikuta karibu asilimia 56 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Zaidi ya nusu. Hao hawajazidiwa na wanga wala nyama. Wamepewa ugali wa muhogo na mchuzi wa kuonja, na muhogo una protini kidogo mno. Tena muhogo mchungu una sumu ya sianidi. Ndio maana unalowekwa siku kadhaa na kuanikwa, na mwili ukimaliza kazi ya kuondoa mabaki ya hiyo sumu unatumia salfa kutoka kwa protini. Kongo na Tanzania zimeshaona konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla, mahali watu walilazimika kula muhogo uliotayarishwa haraka bila protini ya kutosha kando yake. Kwa hivyo ndagala kando ya muhogo si kitoweo cha kunogesha tu. Anafanya kazi.

Na ndagala analiwa mzima, kichwa na mifupa, kwa hivyo kalisiamu, chuma na zinki vinakuja pamoja. Halafu nenda kwa boma nyingi ucheki nani anapakuliwa kwanza. Mzae anapata ndagala, wageni wanapata, kaka wa tizi anapata ju anajenga mwili. Mtoi wa miaka miwili, ambaye ubongo wake unajengwa sasa na hautamngoja, anapata mchuzi. Wanasema mifupa itamkwama. Sawa, basi msage. Ndagala kavu, wakavu kabisa, walioanikwa kwa chanja na si kwa mchanga ju mchanga unaingia hadi kwa meno, wanasagika kwa kinu kuwa unga laini. Kijiko kwa uji, kijiko kwa maharage yaliyopondwa, na tone la mawese mekundu. Hiyo unajitengenezea nyumbani, ndio maana hakuna odijo wa simu anaitangaza.

Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki, boti zinalala, na bei ya ndagala sokoni inapanda hadi watu wa kawaida wanajitoa. Hizo siku maharage na lengalenga vinabeba nyumba, na watu wazima hawadhuriki kitu kwa wiki moja bila samaki. Ndio maana ule unga unafaa kusagwa mapema, wakati giza limeshusha bei, uwekwe kwa kopo kavu lenye kifuniko. Mgeni akija, apikiwe maharage. Kaka wa tizi akitoka jimu na ubao, apewe maharage. Hilo kopo ni la mtoi.