Hofu Yenye Mlango wa Kutokea

Ndugu msomaji, juma hili nataka tuzungumze juu ya hofu. Sina maana ya hofu ya njaa wala hofu ya vita, bali ile ambayo binadamu huifuata mwenyewe kwa miguu yake, tena akatoa fedha mfukoni ili apewe. Nimesukumwa na swali la msikilizaji mmoja wa hapa Bariadi, muuza vipuri vya baiskeli, ambaye mpwa wake anasoma Marekani. Kijana huyo alimpelekea mjomba wake picha za nyumba moja ambayo watu hupanga foleni usiku, wakakata tiketi, wakaingia gizani na kutishwa hadi wakapiga mayowe, kisha wakatoka upande wa pili wakicheka. Msikilizaji wangu akauliza: "Hivi, ndugu mtangazaji, mtu mwenye akili timamu anawezaje kununua hofu, wakati sisi huku tunaitafutia dawa?"

Swali hilo ni zito kuliko linavyoonekana, na jibu lake linatuhusu sana sisi wa Simiyu. Lakini tuanze na hiyo nyumba yenyewe.

Nyumba hizo, ambazo mimi nitaziita nyumba za vitisho, hufunguliwa zaidi mwezi wa Oktoba, wakati majani ya miti yanapopukutika katika nchi za kaskazini na usiku unapoanza kurefuka. Kwetu huo ni wakati ambao pamba imeshauzwa na kila mkulima anatazama mawingu. Kwao, tarehe 31 ya mwezi huo ni sikukuu ya Halloween, ambayo ilipelekwa Marekani na wahamiaji kutoka Ireland na Scotland katika karne ya 19. Watoto huvaa kama mazimwi na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende, na wakubwa nao hutafuta mahali pa kwenda kutishwa.

Biashara hii si ya jana. Huko Liphook, kusini mwa Uingereza, ipo hadi leo nyumba ya vitisho iliyotengenezwa mwaka 1915 na kampuni ya Orton and Spooner, ambayo iliendeshwa kwa mashine ya mvuke. Nchini Marekani, katika miaka ya 1930 wakati uchumi ulipoanguka, wavulana walikuwa wakifanya fujo na uharibifu mwingi usiku wa Halloween. Wazazi wakabuni njia ya kuwatuliza: waligeuza vyumba vya chini vya nyumba zao kuwa mapango ya giza, wakatundika vitu vya kuogofya, wakawapitisha vijana humo wakiwa wameshikana mikono. Tarehe 9 Agosti 1969, kiwanja cha burudani cha Disneyland huko California kikafungua jumba lake la mizimu, na tangu hapo hofu ikawa bidhaa kubwa kama sinema.

Sasa ndani hufanyika nini? Wageni huingia wachache wachache, kwa sababu mtu aliye katika kundi kubwa haogopi sana. Njia huwa nyembamba na yenye kona nyingi, ili mtu asijue kinachofuata. Taa ni hafifu, moshi wa mashine hutanda, sauti hutoka mahali pasipotazamiwa. Nyuma ya mapazia wamejificha waigizaji waliopakwa rangi, na kazi yao kubwa ni kujua wakati: wanamwacha mgeni apite, atulie, aamini kwamba hatari imekwisha, ndipo wanaporuka mbele yake.

Na mwili nao hufanya kazi yake. Binadamu anaposhtuka, tezi mbili zilizo juu ya figo humwaga katika damu kemikali iitwayo adrenalini. Moyo hupiga mbio, pumzi huongezeka, mboni za macho hupanuka, sukari huachiliwa ili misuli ipate nguvu ya kukimbia au kupigana. Mwili haujui kwamba aliyeruka ni mwigizaji anayelipwa mshahara. Ni akili ndiyo inayojua, na sekunde chache baadaye inautuliza mwili. Ile nguvu iliyokuwa imeandaliwa kwa ajili ya simba inabaki bila kazi, nayo inatoka kwa kicheko.

Wataalamu wa Denmark walilichunguza jambo hili katika nyumba moja ya vitisho mjini Vejle. Waliwafunga wageni 110 vyombo vya kupima mapigo ya moyo, wakawatazama kwa kamera, kisha wakawahoji. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Walioogopa kidogo sana hawakufurahia, na walioogopa kupita kiasi hawakufurahia pia. Waliofurahia zaidi ni wale waliokuwa katikati. Kwa lugha ya jikoni, hofu ni kama chumvi.

Lakini ndugu msomaji, ipo siri kubwa kuliko hiyo ya chumvi. Anayeingia katika nyumba ya vitisho ameingia kwa hiari yake. Anajua kwamba anayemtisha hana nia ya kumdhuru. Na anajua kwamba mlango wa kutokea upo. Kiondoe kimoja kati ya hivyo vitatu, na mchezo unakoma kuwa mchezo. Tarehe 11 Mei 1984, katika kiwanja kimoja cha burudani jimboni New Jersey, nyumba ya vitisho ilishika moto, na vijana 8 wakafia humo humo kwa kushindwa kutoka. Baada ya msiba huo kanuni zilikazwa: majumba ya aina hiyo yawe na vyombo vya kugundua moshi na vya kunyunyiza maji, na njia za kutokea zionekane mara hatari inapotokea. Watu walijifunza kwa uchungu kwamba mwenye kuuza hofu ana wajibu wa kuulinda mlango.

Je, sisi hatuna burudani ya namna hii? La hasha! Tunayo, tena ya siku nyingi kuliko ile nyumba ya Liphook. Kila mwenyeji wa Usukumani anajua kwamba mavuno yakishaingia ghalani, kuanzia Juni na Julai, huwa ni msimu wa mashindano ya ngoma. Bagika kwa upande huu, Bagalu kwa upande ule, vyama viwili ambavyo chimbuko lake ni mahasimu wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Wanacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule anayewavuta watazamaji wengi zaidi. Kwa hiyo kila kundi hutafuta jambo la kuwashtua watu, na hulificha hadi dakika ya mwisho.

Mimi nimesimama katika duara hilo nikiwa na kinasa sauti mkononi, wakati Bayeye, wale mafundi wa nyoka, walipoingia na gunia. Ngoma ikapungua sauti. Gunia likafunguliwa, akatoka chatu mnene kama paja la mtu, na mchezaji akamzungusha shingoni mwake. Duara lote lilirudi nyuma kwa mkupuo mmoja. Watoto walitimua mbio hadi kwenye miembe, na kabla hata vumbi halijatulia walikuwa wamekwisha kurudi mstari wa mbele. Akina mama walipiga mayowe, kisha wakapiga vigelegele. Chatu hana sumu, na Bayeye wanamjua tabia yake. Lakini mwili wa mtazamaji haukuuliza habari ya sumu, uliruka kwanza. Hiyo ndiyo nyumba ya vitisho ya Msukuma, isipokuwa yetu haina kuta wala kiingilio, na anayetaka kuondoka anageuza tu mgongo.

Wazee wetu walikuwa nayo na nyingine, iliyojengwa kwa maneno. Ni nani aliyelelewa huku asiyejua habari za Shing'weng'we, lile zimwi lililomeza watu wote na mifugo yao, akabaki mama mmoja mjamzito? Mtoto wake, Masala Kulangwa, alikua, akaliua lile zimwi, akalipasua tumbo, na watu wakatoka wazima. Kwa namna nilivyoisikia mimi, wakati wa kupasua kisu kilimkata sikio bibi kizee mmoja, naye kwa hasira akamloga kijana. Sasa angalieni kijana huyo alifanya nini. Hakumshikia bibi yule panga. Alitafuta dawa, akamtibu sikio lake, yakaisha.

Nimeikumbuka sehemu hiyo ya mwisho kwa sababu, ndugu msomaji, hapa kwetu ipo hofu nyingine ambayo haina kigelegele. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kijiji kimoja cha mkoa huu kuandaa kipindi juu ya wazee. Nikaelekezwa kwa bibi mmoja aliyekuwa akiishi peke yake. "Mwadila, mayu," nikamwamkia. "Mwadila, ng'wana wane," akaitika, akanipa kigoda. Nyumba yake ilikuwa ya udongo, ya chumba kimoja, lakini ilikuwa na milango miwili, mmoja mbele na mwingine nyuma, na ule wa nyuma ulikuwa mpya. Nilimwuliza nyumba ndogo kama hiyo ina haja gani na milango miwili. Alinijibu kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayezungumzia bei ya mtama: "Wakija kwa huu, nitatokea kwa ule."

Kosa la bibi huyo lilikuwa nini? Macho yake yalikuwa mekundu, na mtoto wa jirani alikuwa amefariki kwa homa.

Bibi yule hakuingia katika hofu hiyo kwa hiari, na wale aliokuwa akiwahofia hawakuwa waigizaji. Na majirani zake nao walikuwa wamefungiwa humo humo, wakimwogopa yeye. Hofu ya namna hiyo imeua watu wengi katika nchi yetu. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilitaja watu 765 waliouawa kwa imani za kishirikina katika mwaka 2013 peke yake, na 505 kati yao walikuwa wanawake. Mikoa ya Kanda ya Ziwa na jirani zake ndiyo iliyotajwa mara nyingi katika habari hizo, Simiyu ikiwamo.

Hofu hiyo nayo ina wauzaji wake. Mwenye nyumba ya vitisho huuza hofu ya nusu saa, kisha anakufungulia mlango na kukutakia usiku mwema. Mpiga ramli huuza hofu isiyo na mwisho. Mteja anakwenda kwake na msiba, anarudi na jina la jirani. Akikutoa hofu amepoteza mteja, kwa hiyo hana sababu ya kukuonyesha mlango. Januari 2015 Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku watu wa kazi hiyo. Lakini tangazo haliwezi kumfikia anayemwendea mpiga ramli usiku. Anayeweza kumfikia ni ndugu yake, mke wake, au rafiki yake wa kahawani.

Hapana budi basi tuseme wazi kile ambacho akili inajua, ili mwili utulie. Macho ya bibi zetu ni mekundu kwa sababu ya moshi. Sehemu kubwa ya nchi yetu hii miti imekwisha, na mama amepika miaka 50 kwa mavi makavu ya ng'ombe na vijiti vya pamba, ndani ya chumba kisicho na dirisha. Wengine wana ugonjwa wa vikope, ambao hospitali inautibu. Homa inayomwua mtoto kwa siku mbili mara nyingi ni malaria, na malaria ina kipimo na ina dawa. Na mara nyingine nyuma ya neno "mchawi" kuna shamba tu, ambalo mjane amekataa kuliachia.

Kwa hiyo, nikimjibu msikilizaji wangu: wale wa Marekani hawana wazimu, wala watoto wetu wanaomkimbia chatu na kurudi hawana wazimu. Kuogopa kwa mchezo ni njia ya binadamu kujizoeza, akiwa na wenzake, mahali ambapo hakuna anayeumia. Mchezo huo tuutunze, na ngoma zetu tuzitunze. Ila tupime kila hofu tunayoletewa kwa vipimo vile vile vitatu. Je, nimeichagua? Je, kuna anayedhurika? Je, ina mlango?

Mkoani Simiyu wapo akina mama ambao usiku wa leo watalala wakisikiliza mbwa wakibweka. Ukiwa na mama yako au bibi yako kijijini, mjengee jiko lenye bomba la kutolea moshi, mpeleke akapimwe macho, na kaa naye barazani mchana kweupe, majirani wakikuona. Jirani akimwona mtoto wa mjini ameketi karibu na yale macho mekundu, anakunywa uji kutoka mkono ule ule, naye ataanza kupata mlango wake wa kutokea.