Ugonjwa wa Figo za Samoni, na Jinsi ya Kumtambua Mama Mgonjwa

Ikiwa wewe ni mtunza samaki, yafaa ujue ya kwamba samaki aweza kuonekana mzima, mnene, mwenye mayai mengi, na kumbe figo yake imejaa vijidudu. Ndivyo ulivyo ugonjwa wa figo za samoni. Ulionekana kwanza Scotland mwaka 1930, katika mito ya Dee na Spey. Kisha ukajulikana Marekani, ambako umewatia hasara wazalishaji wengi. Mwaka 1980 kijidudu chake kilipewa jina la Renibacterium salmoninarum.

Ubaya wake ni huu: kijidudu huingia ndani ya yai lenyewe. Ukiyaosha mayai kwa dawa, umesafisha ganda tu. Na ukitaka kukiotesha kijidudu hicho ili ukitazame, itakupasa kungoja majuma mengi, maana chaota polepole mno; nayo mayai hayakungoji.

Kwa hiyo hutumika njia iitwayo Elisa. Mnyama, kama mbuzi, hudungwa vijidudu vilivyouawa, na damu yake hufanya kingamwili za kuvishika. Kingamwili hizo hupakwa katika vishimo vya sahani ndogo. Kipande cha figo ya samaki husagwa, na maji yake hutiwa humo. Ikiwamo protini ya kijidudu, hunaswa. Sahani huoshwa, hutiwa kingamwili nyingine iliyofungiwa kimeng'enya, na mwisho dawa ya rangi. Kadiri rangi inavyokolea, ndivyo ugonjwa ulivyo mwingi.

Samoni wa Bahari ya Pasifiki hufa baada ya kutaga, basi kumpasua mama na kutwaa figo yake si hasara. Weka mayai ya kila jike peke yake, yenye alama, mpaka jibu lije. Mayai ya mama mwenye rangi kali huharibiwa, au watoto wake hulelewa mbali na wengine. Usiyachanganye kwa haraka ya kumaliza kazi. Ukiisha kuyachanganya, hapana awezaye kuyatenga tena.

Lakini usiiamini sahani kupita kiasi. Protini ya kijidudu kilichokufa hunaswa sawasawa na ya kilicho hai, na samaki aliyeambukizwa karibuni aweza kupita bila kuonyesha rangi. Hivyo hata watoto wa mama walioonekana safi, watazame: macho yaliyotokeza, tumbo lililovimba, na figo yenye vinundu vyeupe. Ukiviona, litenge bwawa hilo siku ile ile.