Kura za Beni Ambazo Hazikuhesabiwa

Watoto wa Beni na Butembo, wengine wenu mlikuwa bado mnabebwa mgongoni wakati haya yanatokea. Kaeni vizuri niwasimulie.

Uchaguzi wa rais wa Kongo ulipangwa kufanyika tarehe 30 Desemba 2018. Siku nne kabla, CENI, tume inayosimamia uchaguzi, ikatangaza kwamba Beni, Butembo na vijiji vyake, pamoja na Yumbi kule magharibi, watasubiri hadi Machi. Sababu zilizotolewa ni Ebola na usalama mbovu. Watu wakapiga hesabu upesi: rais anaapishwa Januari. Sasa kura ya Machi itamchagua nani?

Wapigakura zaidi ya milioni 1 waliachwa nje, ilhali masoko yalikuwa yamejaa na makanisa yanasali. Hasira ikapanda. Tarehe 27 waandamanaji wakavamia kituo cha Ebola mjini Beni, na wagonjwa waliokuwa wakingoja majibu ya vipimo wakatawanyika. Hapo hasira ilimwangukia asiye na kosa.

Jumapili ya uchaguzi ilipofika, wengine wakashika njia tofauti. Kwenye uwanja wa Kalinda, Beni, walipanga foleni na kuendesha kura yao wenyewe. Kwanza mtu ananawa mikono, ndipo anasogea. Kwingineko nchini zilitumika mashine. Hapa ilikuwa karatasi tu. Ukimaliza, unampisha mwenzako. Watu wakaimba kwamba kupiga kura ni haki yao.

CENI haikuhesabu hata kura moja ya Kalinda. Je, walijisumbua bure?

Sikieni ya Marekani. Mwaka 1868, katika mji wa Vineland, wanawake 172 waliweka sanduku lao la kura kwa sababu sheria iliwakataza kupiga kura. Nazo hazikuhesabiwa. Binti zao na wajukuu zao hawakunyamaza. Mwaka 1917 wanawake walisimama na mabango mbele ya ikulu ya rais wao, na wengi wakafungwa jela. Mwaka 1920 katiba ikabadilishwa: mwanamke asinyimwe kura kwa kuwa ni mwanamke. Hata hivyo, Wamarekani weusi wengi wa kusini waliendelea kuzuiwa hadi sheria ya 1965.

Basi foleni ya Kalinda haikumweka rais madarakani, lakini ilionyesha jambo moja: watu wanaweza kunawa, kupanga foleni na kuchagua kwa utulivu hata penye Ebola. Hakuna awezaye kusema Beni haikutaka kura.

Machi 2019 watu wa kwetu walipiga kura za wabunge tu. Desemba 2023 wazazi wenu walichagua rais kama Wakongo wengine. Lakini safari hiyo Masisi na Rutshuru, katika mkoa wetu huuhuu, waliachwa nje kwa sababu ya vita.

Kwa hiyo mkifikisha miaka 18, kajiandikisheni. Na siku jirani akinyimwa kura, msiseme hayatuhusu.