Tundu dogo la jino laweza kuwa hatari kuliko mkato mrefu

WAMILIKI wengi wa mbwa mijini hulipima jeraha kwa macho. Likiwa refu na lenye damu nyingi, humkimbiza mnyama kwa daktari wa mifugo. Likiwa tundu dogo lililofichwa na manyoya, humwachia mbwa alilambe. Kwa majeraha ya kung'atwa, kipimo hicho hupotosha.

Mbwa anapomshambulia mwenzake, humshika kwa chonge kisha hutikisa kichwa. Ngozi ya mbwa imelegea, hivyo huvutika na kurudi mahali pake, na juu hubaki tundu lisilozidi punje ya mahindi. Chini yake ngozi huweza kuwa imebanduka kutoka kwenye misuli, nyama imechanika, na bakteria wa mdomoni wameachwa humo. Tundu hujifunga mapema, uchafu ukabaki ndani, na siku chache baadaye jipu hujitokeza. Mbwa mdogo aliyeng'atwa kifuani au tumboni aweza hata kuwa ameumia mapafu au utumbo, ilhali nje pana alama mbili tu za meno.

Kwa sababu hiyo, kila jeraha la kung'atwa lastahili kuonwa na daktari siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo jeraha ambalo damu yake haikatiki baada ya kukandamizwa kwa kitambaa safi kwa dakika tano hadi kumi, mkato ulioachama, au jeraha lililo karibu na jicho au kwenye kiungo. Kitu kilichozama ndani kisichomolewe nyumbani, kwani huenda ndicho kinachoziba mshipa. Mkato safi hushonwa vyema zaidi katika saa chache za mwanzo. Ukichelewa, mara nyingi daktari hulazimika kuondoa nyama iliyokufa na kuuacha wazi upone polepole.

Mchubuko wa juu juu waweza kutunzwa nyumbani kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita. Spiriti, mafuta ya taa na oili chafu ya gari, ambavyo bado vina wafuasi wake, huunguza nyama inayojaribu kupona. Dawa za maumivu za binadamu ni hatari zaidi: ibuprofeni hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo. Uvimbe unaoongezeka, harufu mbaya, usaha, funza, au mbwa kukataa chakula ni dalili kwamba matunzo ya nyumbani hayatoshi.

Liko pia jambo linalomhusu mwenye mbwa mwenyewe. Virusi vya kichaa cha mbwa huenezwa kwa mate, na mate ya mshambuliaji huweza kubaki kwenye jeraha na manyoya. Anayeliosha avae glavu. Mate yakimwingia kwenye mchubuko, aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali bila kungoja dalili, kwa kuwa zikishajitokeza ugonjwa huo karibu kila mara huua. Mbwa aliyekwisha kuchanjwa kwa kawaida hupewa chanjo ya nyongeza na kuangaliwa. Asiyechanjwa huweza kutengwa kwa miezi, hata kama kidonda kimefunga kwa wiki moja. Ndiyo maana miongoni mwa maswali ya kwanza ya daktari ni mbwa aliyeng'ata alikuwa wa nani, na kadi ya chanjo iko wapi.