Dawa za minyoo: Nani huwahesabu walioachwa?

Tangu mwaka wa 2012, mamilioni ya watoto nchini Kenya wamepewa dawa za minyoo shuleni. Mwalimu humpa mtoto tembe, humtazama akimeza, kisha humtia alama kwenye orodha.

Hata hivyo, orodha hiyo yaweza kudanganya. Tuseme kijiji kina watoto 500, na 400 kati yao wako shuleni. Wakimeza 360, mwalimu ataandika asilimia 90. Kwa kijiji kizima ni asilimia 72 tu, chini ya asilimia 75 inayolengwa na Shirika la Afya Duniani (WHO). Walioachwa, wakienda haja vichakani, hueneza mayai ya minyoo udongoni na wenzao huambukizwa upya.

Mzazi, siku ya dawa ikitangazwa, mpeleke hata mwanao asiyesoma katika shule iliyo karibu.