Lenzi za Kuvuta: Binti wa Picha za Akina Mama Anunuliwe Ipi?

Mfunguo Mosi umeingia na Mwanza imeanza kuozesha. Kuanzia Mabatini hadi Mkuyuni, kila mwisho wa juma huikosi nyumba yenye turubai mlangoni na masufuria ya pilau uani. Katika pilikapilika hizi wazazi kadhaa wametuuliza swali ambalo miaka kumi iliyopita lisingeulizwa: binti yao ana kamera ya SLR, ile ambayo jicho hutazama kupitia lenzi yenyewe, na sasa anaomba lenzi ya kuvuta. Anunuliwe ipi kati ya hizi mpya zinazoletwa na jamaa kutoka Dubai na Maskati?

Swali hili si la anasa. Familia nyingi haziridhii mwanamume aingie upande wa akina mama, ambako bibi harusi yu wazi kichwa na jamaa zake wameweka kando mabuibui. Pasipo binti mwenye kamera, upande ule hauna kumbukumbu kabisa.

Nasi tumewahi kulipia ujinga wetu katika jambo hili. Mwaka jana, katika harusi ya nyumbani kwetu Isamilo, tulimkabidhi binti yetu lenzi ndefu iliyoletwa na ami yake, yenye kuvuta hadi milimita 210, tukamwambia kwamba kubwa ndiyo ya kazi. Usiku, chumbani, chini ya taa moja ya tyubu, bibi yetu mzaa mama alimshika mjukuu wake mikono iliyotoka kupakwa hina, akamnong'oneza jambo sikioni. Binti alipiga picha nne. Zote nne zilirudi zikiwa na vivuli viwili vilivyotikisika. Bibi alifariki kabla ya Rajabu, na picha nyingine ya miaka yake ya mwisho hatunayo. Kosa halikuwa la binti, wala la lenzi. Sisi tulioichagua hatukuisoma namba iliyoandikwa mdomoni mwake.

Namba zenyewe ni mbili. Ya kwanza, ambayo wauzaji huitaja kwa sauti, ni ya urefu: 35 kwa 80, 28 kwa 200, na kadhalika. Ya pili ni ya tundu la kupitishia mwanga: 2.8, au 4 kwa 5.6. Hii ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi ya 2.8 hupitisha mwanga mara nne ya ile ya 5.6. Na lenzi nyingi za bei nafuu hubadilika zinapovutwa: huanza na 4, na ukifika mwisho wa mvuto umebaki na 5.6, yaani nusu ya mwanga ulioanza nao. Chumba chetu cha Isamilo, kwa filamu ya ASA 400 na tundu la 5.6, kilihitaji takriban sehemu ya nane ya sekunde. Lenzi iliyovutwa hadi 210 haishikiki mkononi chini ya sehemu moja ya 200. Hesabu hiyo peke yake ilitosha kututahadharisha.

Tukizitazama lenzi za miaka ya 1990 kwa jicho hilo, mambo hubadilika. Tamron walitoa mwaka 1992 lenzi ya 28-200, tundu 3.8 kwa 5.6, na imewavutia wengi kwa kuwa moja hufanya kazi ya tatu. Kwa safari, kwa Jiwe la Bismarck asubuhi, au kwa mpira wa mchana Uwanja wa Nyamagana, hatuna neno nayo. Lakini hailengi kitu kilicho karibu zaidi ya mita mbili hivi, na chumba cha bibi harusi mara nyingi hakina hizo mita mbili. Hina ya vidoleni utaiona kwa mbali tu.

Canon nao mwaka 1995 walitoa 75-300 yenye mtambo ndani yake wa kutuliza mtikisiko wa mkono, ya kwanza ya aina hiyo kwa kamera za SLR. Ni ufundi wa kustaajabisha. Hata hivyo hutuliza mkono wa mpigaji tu. Bibi anayetikisa kichwa akicheka atabaki na ukungu wake. Nikon walikuwa na 80-200 ya tundu 2.8 lisilobadilika mwanzo hadi mwisho, nayo ndiyo tungeichukua kama fedha isingekuwa kikwazo na shingo ya binti ingevumilia zaidi ya kilo moja usiku kucha.

Kwa maoni yetu, anayejiweza na mwenye kamera ya Canon EOS atafute 28-105 ya tundu 3.5 kwa 4.5, iliyotoka mwaka 1992. Ni nyepesi, hulenga hadi nusu mita, na huenea kuanzia kundi la mashangazi wote hadi uso mmoja. Asiyejiweza abaki na ile 35-80 iliyokuja na kamera, na fedha zilizosalia anunue fleshi nzuri pamoja na lenzi ya 50 isiyovuta, tundu 1.8, inayopitisha mwanga karibu mara kumi ya lenzi ya 5.6. Fleshi na aielekeze kwenye dari nyeupe, mwanga urudi kwa upole. Chini ya turubai la bluu asijaribu hila hiyo, maana nyuso zote zitakuwa za bluu.

Kabla ya kulipa, aijue shingo ya kamera yake. Canon walibadili mfumo wa kushikia lenzi mwaka 1987, hivyo lenzi za EOS hazikai kwenye Canon za zamani. Nikon nyingi za miaka ya 1990 hukaa kwenye FM2 bila taabu, ila kulenga kutakuwa kwa mkono. Mwenye Pentax K1000 atafute zenye shingo ya K.

Liko jambo ambalo lenzi haliwezi kulitatua. Filamu ya rangi husafishwa kwa mashine, kwa dawa ya nyuzi joto 38, na mara nyingi anayeisimamia ni mwanamume. Picha zilizopigwa kwa stara hupita mikononi mwake kabla hazijafika nyumbani. Filamu nyeusi na nyeupe binti aweza kuisafisha mwenyewe jikoni, akiwa na kopo lake na dawa zake. Tumeona familia zikimwomba apige za rangi mkanda mmoja, wakiwa wamejifunika, na za faragha mkanda mwingine.

Na masika yanakaribia. Unyevu wa ziwa huotesha ukungu ndani ya lenzi, nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, na ukishakula kioo haufutiki. Mfuko wa ngozi huuzidishia makao. Lenzi iwekwe katika kopo la plastiki linalofunga barabara, pamoja na vifuko vya kunyonya maji, au mchele uliokaangwa ukakauka na kufungwa kitambaani, kama ule tunaoutia kwenye kikopo cha chumvi. Mchele ubadilishwe kila mwezi.