Madirisha ya Buluu

Tunasoma katika Ezra sura ya tatu kwamba msingi wa hekalu la pili ulipowekwa, wazee walioiona nyumba ya kwanza walilia kwa sauti kuu. Tunawaelewa tukilifikiria Kanisa la Ukumbusho la Kaiser Wilhelm, mjini Berlin, lililoteketezwa kwa mabomu Novemba 1943.

Vita vilipokwisha, msanifu Egon Eiermann alitaka kuubomoa hata mnara uliosalia. Watu wa mji walikataa katakata. Basi gofu likaachwa, na kando yake likajengwa kanisa jipya la zege, lenye pembe nane, likawekwa wakfu Desemba 1961. Mchana, ukilitazama kwa nje, twakiri si la kupendeza; utadhani ni ghala. Lakini ingia ndani! Pande zote ni miraba ya vioo vya buluu, zaidi ya 20,000, yenye chembe za nyekundu, kijani na manjano. Fundi alivunja vioo vinene kwa nyundo, akavishikiza kwa zege. Pale palipomeguka ndipo nuru inapocheza.

Fundi huyo, Gabriel Loire, alikuwa mtu wa Chartres, nchini Ufaransa. Tusipite hapo upesi, ndugu zangu. Majeshi ya Ujerumani yalikuwa yameikalia Chartres tangu 1940 hadi 1944. Washarika wa Berlin wakiinua macho kuomba, nuru inayowashukia imepita katika kazi ya mikono ya jirani waliyemvamia.